Stata Isiyoachia kwa Wakati: Mazungumzo na Manahodha na Wenye Boti wa Kilifi

Yafuatayo ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wavuvi, manahodha wa boti za utalii na wenye vyombo, pamoja na majibu ya maswali yaliyoulizwa baadaye. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.



Nianze kwa kusema wazi kwamba kazi yangu ni habari, si spana. Haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa mafundi wa mashine za boti na kwa vitabu vinavyokuja na mashine zenyewe. Nimeyapanga ili mtu yeyote anayeshika ufunguo wa boti aweze kuyafuata, na mahali ambapo kazi ni ya fundi, nitasema ni ya fundi.

Jambo lenyewe ni sauti. Unageuza ufunguo, mashine inawaka, unauachia ufunguo, lakini stata hainyamazi mara moja. Inaendelea kulia nusu sekunde, au sekunde nzima, kisha ndiyo inaacha. Wengi wetu tunaisikia asubuhi, tunasema "hii ndiyo tabia yake," tunang'oa nanga na kwenda zetu. Nimekuja kuwaomba tusiizoee.

Sababu ni moja tu. Sauti hiyo ni onyo linalotolewa ufuoni, mahali penye fundi, penye spana na penye ardhi ya kukanyaga. Likipuuzwa, siku ya siku stata itakataa kabisa, na mara nyingi itakataa nje ya mwamba, kwa kuwa huko ndiko tunakozima mashine na kutaka kuiwasha tena. Dalili ya mvua ni mawingu, na sisi wa pwani hatufundishwi kusoma mawingu.

Kwa nini jambo hili latuhusu sisi

Tazameni kazi ya boti za kioo. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu 1968, na vijana wengi hapa wanakula kwa sababu yake. Boti inatoka, inafika kwenye matumbawe, mashine inazimwa ili wageni waogelee kwa usalama. Wakipanda, mashine inawashwa. Mnasogea mahali pengine, inazimwa tena, inawashwa tena. Safari moja ya asubuhi inaweza kupiga stata mara nne au tano, na ikiwa kuna safari ya pili, hesabu ni maradufu.

Wavuvi wa Ngomeni, Mayungu, Uyombo au Takaungu hawapigi stata mara nyingi hivyo, lakini kila mara moja ina uzito wake. Nyavu ziko majini, mkondo unasukuma, mwamba uko upande wa chini ya upepo. Ukigeuza ufunguo hapo unataka jibu.

Kisha kuna mazingira yetu. Chumvi iko hewani usiku na mchana. Mchanga mwembamba unapeperuka boti zikiwa zimekaa pwani maji yakitoka. Kaskazini ya Malindi mto Sabaki unaleta tope lake baharini kila mvua zikinyesha huko bara. Chumvi, mchanga na unyevu vyote vinaingia chini ya kifuniko cha mashine, na stata ni mojawapo ya vitu vya mwanzo kuumia.

Stata inafanya nini

Ndani ya mashine kuna gurudumu zito, mafundi huliita flaiwili, lenye meno kuzunguka ukingo wake. Stata ni mota ya umeme yenye gia ndogo mbele yake. Ukigeuza ufunguo, umeme mkubwa unatoka kwenye betri, gia ndogo inasogea na kuuma meno ya flaiwili, mota inazungusha flaiwili, mashine inashika moto. Mara mashine inaposhika, gia ndogo inatakiwa kurudi nyuma na kuliacha flaiwili lizunguke peke yake. Kurudi huko ndiko tunakoita kuachia.

Kwenye boti zetu kuna namna mbili za kuachia, na ni vizuri ujue ya kwako ni ipi.

Namna ya kwanza iko kwenye mashine nyingi za kufunga nyuma ya boti. Gia ndogo inapanda juu ya shafti iliyochongwa mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu. Mota ikianza kuzunguka ghafla, gia inapanda mifereji hiyo hadi kwenye flaiwili. Mashine ikiwaka, flaiwili linaizungusha gia haraka kuliko mota, kwa hiyo gia inajifungua yenyewe na kushuka, na springi ndogo inaishikilia chini. Mafundi huiita bendiksi, jina lililotokana na Vincent Bendix, Mmarekani ambaye kampuni yake ilieneza kifaa hicho kwenye magari zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Namna ya pili iko kwenye mashine nyingi za dizeli zinazokaa ndani ya boti, kama zile za boti kubwa za uvuvi. Hapa kuna solenoidi, yaani sumaku ya umeme, juu ya mota. Ukigeuza ufunguo, sumaku inavuta chuma, chuma kinasukuma gia mbele kwa uma, na papo hapo kinaunganisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota. Ukiuachia ufunguo, sumaku inakufa, springi inarudisha kila kitu nyuma. Maadamu sumaku haijafa, gia hii haitoki kwenye meno hata kama mashine imeshawaka. Kwa hiyo imewekewa klachi ya upande mmoja, inayoiruhusu gia izunguke haraka bila kuiburuta mota. Klachi hiyo imetengenezwa kuvumilia muda mfupi, haikutengenezwa kuvumilia safari.

Hesabu ya hatari

Wengine watauliza: nusu sekunde ni kitu gani? Tufanye hesabu ndogo.

Chukua gia ndogo yenye meno 10 na flaiwili lenye meno 120. Kila flaiwili likizunguka mara 1, gia ndogo inazunguka mara 12. Mashine ikiwa imewaka na kutulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, gia ndogo inapelekwa mizunguko 9,600. Ukitia moto kidogo, mashine ikafika 2,000, gia ndogo imefika 24,000. Hiyo ni kasi ambayo mota ya stata haikuundwa kuifikia. Ikiwa klachi imechoka au gia imekwama, mota inazungushwa na mashine kwa nguvu. Nyaya zake za ndani zinaweza kutoka mahali pake, brashi zinaungua, bushi zinalika.

Na ikiwa kinachochelewa ni umeme wenyewe, basi kila sekunde betri inakamuliwa bure na kebo zinapata moto. Betri iliyokamuliwa hivyo asubuhi ndiyo itakayokataa kupiga stata saa sita mchana. Kebo iliyopata moto karibu na mvuke wa petroli ni jambo ambalo hatuhitaji kulieleza zaidi.

Meno ya flaiwili nayo yanalika. Stata unaweza kuibadilisha kwa bolti mbili tatu. Flaiwili likiharibika, kazi ni kubwa na gharama yake ni ya aina nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kugusa chochote

Kagua boti ikiwa imefungwa au imekaa pwani. Weka gia ya boti katikati, ili rafadha isizunguke. Fungua kifuniko au mlango wa chumba cha mashine, uache hewa ipite. Ukinusa petroli, usigeuze ufunguo wala usiguse waya wa betri mpaka umejua inavuja wapi na harufu imeisha. Asiwepo mwenye sigara karibu.

Vua saa, pete na cheni. Nywele ndefu na nguo zinazoning'inia zifungwe. Mkono usikae karibu na flaiwili maadamu betri imeunganishwa.

Unapotaka kufungua waya au kuitoa stata, ondoa kwanza waya wa hasi kwenye betri. Unaporudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Kwa mpangilio huo, spana ikigusa chuma kwa bahati mbaya, haitapiga cheche.

Swali la kwanza: ni umeme au ni gia?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Stata inachelewa kuachia, mtu anakwenda kununua stata nyingine, anaifunga, na sauti ni ile ile, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye swichi ya ufunguo. Kabla ya kununua chochote, jibu swali moja: ufunguo ukishaachiwa, umeme bado unafika kwenye stata, au umeme umekatika lakini gia ndiyo imebaki?

Kupima si kazi ngumu. Unahitaji taa ya kupimia ya volti 12 na watu wawili. Waya mmoja wa taa unafungwa kwenye hasi. Mwingine unafungwa kwenye bolti kubwa ya mota ya stata, ile inayopokea umeme baada ya solenoidi. Hakikisha mashine haitawaka: ya petroli toa kamba ya usalama, ya dizeli vuta kizimio. Ikiwa mashine yako haipigi stata kabisa bila kamba ya usalama, mwache fundi akuzuilie moto kwa njia nyingine. Mtu mmoja anageuza ufunguo sekunde moja na kuuachia. Mwingine anaitazama taa akiwa amekaa mbali na flaiwili.

Taa ikizimika papo hapo ufunguo unapoachiwa, umeme hauna kosa. Tafuta kwenye gia. Taa ikibaki imewaka hata kwa muda mfupi, kosa liko kwenye umeme.

Kama ni umeme, hamisha taa kwenye waya mwembamba unaoiamuru solenoidi, urudie. Ikibaki imewaka hapo pia, amri haikatiki: swichi ya ufunguo imekwama, imeingia chumvi, springi yake imechoka, au waya wake umegusana na mwingine mahali. Ikizimika kwenye waya mwembamba lakini kwenye bolti kubwa inabaki, solenoidi yenyewe ndiyo haiachi. Vipande vya shaba vilivyo ndani vimeungua na kushikana, au chuma chake kimekwama kwa kutu. Solenoidi ya namna hiyo haipigwi nyundo ikaendelea na kazi. Leo itaachia, kesho itashika moja kwa moja.

Na ukikuta solenoidi imeungua, usiishie hapo. Jiulize kilichoiunguza. Mara nyingi ni betri dhaifu au kebo zenye kutu. Umeme ukiwa mdogo, solenoidi inashika na kuachia mara nyingi kwa haraka, tata-tata-tata, na kila mara inapiga cheche ndani. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6. Ikishuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, ama betri imechoka, ama kebo haipitishi, ama stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi. Safisha vichwa vya betri, na usisahau mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye mwili wa mashine. Hapo kutu hujificha chini ya rangi.

Kama ni gia

Sababu za upande wa gia ni chache na nyingi zinaonekana kwa macho stata ikitolewa.

Ya kwanza, na ndiyo tunayoikuta zaidi huku kwetu, ni uchafu kwenye shafti: chumvi iliyokauka, kutu nyepesi, mchanga, na grisi nzee iliyogeuka kama nta. Gia inapanda kwa nguvu ya mota, lakini kushuka haiwezi. Ishike kwa vidole, betri ikiwa imefunguliwa. Inatakiwa ipande na kushuka laini, na ukiiachia irudi yenyewe. Ikirudi kwa kusitasita, umeshapata jibu.

Ya pili ni springi iliyochoka au kuvunjika.

Ya tatu ni klachi ya upande mmoja. Izungushe gia kwa mkono: upande mmoja inatakiwa kuzunguka huru, upande wa pili ikatae. Ikizunguka huru pande zote, itapiga kelele bila kuwasha mashine. Ikikataa pande zote, mashine ikiwaka itaiburuta mota. Vyote viwili ni vya kubadilisha.

Ya nne ni meno. Yakiwa na vikwaruzo, yamepinda au yamekuwa kama msumeno, yanashikana na meno ya flaiwili. Angalia meno ya flaiwili pia, ukilizungusha polepole kwa mkono mpaka umemaliza duara.

Ya tano ni bolti za kushikilia stata. Zikilegea, stata inakaa upande na gia inauma meno kwa pembe. Kuna mtu atafungua mashine nzima akitafuta ugonjwa, na kumbe ni bolti moja.

Kusafisha, na mambo ya kuacha

Shafti chafu husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, stata ikiwa imetolewa, mbali na betri. Usitumie petroli. Usiichovye stata nzima wala klachi ndani ya mafuta: klachi ina grisi yake ndani, ukiiosha imekufa. Kutu nyepesi ondoa kwa msasa laini sana, kisha futa vumbi lote. Acha ikauke kabisa.

Halafu ndiyo inakuja hamu ya kupaka grisi nyingi. Tuizuie hamu hiyo. Grisi nzito kwenye shafti ya stata inakamata mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi ndio ule uchafu tulioutoa sasa hivi. Vitabu vya mashine nyingi vinataka tone la mafuta mepesi tu, au grisi maalumu waliyoitaja kwa jina. Fuata kitabu cha mashine yako. Kama kimepotea, muulize muuzaji wa mashine hiyo, kwa kutaja namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibao chake.

Na usipige stata muda mrefu. Sekunde 10 kwa mara moja zinatosha, na vitabu vingine vinasema 5. Isipowaka, acha ipoe kwanza. Mashine ambayo haiwaki haraka inaiua stata isiyo na kosa. Kwa hiyo plagi chafu na mafuta yenye maji navyo ni sehemu ya ugonjwa huu.

Ikitokea baharini

Ufunguo umeuachia na stata haiachi. Fanya hivi kwa utulivu.

Kama uko mahali salama, mashine haijatiwa moto mwingi, izime mara moja. Vuta kamba ya usalama ikibidi. Kama stata inaendelea kuzunguka hata mashine imezimwa, zima swichi kuu ya betri. Zima mashine kwanza, betri baadaye. Kukata betri mashine ikiwa inakimbia kunaweza kuharibu kifaa cha kuchaji. Tia nanga, kisha ndiyo uchunguze.

Kama uko mlangoni mwa mwamba, mawimbi yanavunjika pembeni, usizime mashine hapo. Toka kwanza mahali pa hatari kwa mwendo mdogo kadiri unavyoweza, kisha uzime. Stata inaweza kufa katika dakika hizo, na ife. Stata hununuliwa dukani, mtu hanunuliwi.

Lakini ukiona moshi au kunusa waya unaoungua, hakuna kusubiri. Zima mashine, zima betri, tia nanga, watu wote wavae jaketi za kuokoa maisha kama hawakuwa wamezivaa, shika kizimamoto. Mwenye redio ya VHF aite kwenye chaneli 16. Mwenye simu yenye mtandao apige 999 au 112, na awaarifu wenzake wa BMU, kwa sababu mara nyingi boti ya karibu ndiyo inayofika mwanzo.

Ndiyo maana nanga yenye kamba ya kutosha, makasia au upondo, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji, si mapambo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari haikupi muda wa kwenda kuazima.

Nahodha na tajiri

Nimalizie kwa jambo ambalo si la spana. Anayeisikia stata ikichelewa ni nahodha na baharia. Mwenye pesa ya kuitengeneza ni tajiri, na tajiri mara nyingi yuko mjini. Nahodha akisema mashine ina kasoro, anaogopa kuambiwa anatafuta sababu ya kutokwenda kazini, au chombo kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo ananyamaza. Baharia naye akimwona nahodha amenyamaza, ananyamaza.

Ninawaomba wenye vyombo mliopo hapa mlifungue jambo hili. Siku moja ya boti kukaa ufuoni kwa kusafishwa shafti ni hasara, ndiyo, na hasara hiyo inawafikia hata mama karanga wanaongojea samaki. Lakini inahesabika. Boti iliyopeperushwa hadi kwenye mwamba ikiwa na watu ndani haihesabiki.

Pendekezo langu ni daftari moja la shilingi chache, likae ndani ya boti. Nahodha aandike tarehe na alichosikia: "stata imechelewa kuachia," au "betri nzito asubuhi." Tajiri alisome kila mnapogawana mapato. Fundi akija, aandike alichofanya na alichobadilisha, na akabidhi kifaa cha zamani. Daftari hilo litamsaidia hata mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, anapokuja kukagua chombo. BMU zetu, ambazo zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, zinaweza kulifanya kuwa desturi ya kila bandari ndogo bila kungojea amri ya mtu.

Sasa nasubiri maswali yenu.

Maswali yaliyoulizwa

*Mashine yangu ni ya kuvuta kamba, haina stata ya umeme. Haya yananihusu?*

Yanakuhusu. Ndani ya kile kifuniko cha kamba kuna vidole vinavyoshika flaiwili unapovuta, na vinatakiwa kuachia mara mashine inapowaka. Vikiingia chumvi na mchanga vinachelewa vile vile. Dalili yake ni kamba kurudi polepole au nusu, au mlio wa kugongana baada ya mashine kuwaka. Tahadhari: ndani kuna springi kubwa iliyofungwa kwa nguvu. Usiifungue mwenyewe kama hujafundishwa, inaweza kuruka usoni.

*Nikirudi baharini naweza kuinyunyizia mashine maji matamu kila mahali?*

Kupitisha maji matamu ndani ya njia ya kupoza mashine ni jambo zuri sana, na kuosha nje pia. Lakini usielekeze mpira wenye maji ya nguvu kwenye stata, solenoidi au viunganishi vya umeme. Hapo futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, na funika vizuri.

*Nimeuziwa stata iliyotumika. Nitajuaje inafaa?*

Nenda nayo ile ya zamani. Hesabu meno ya gia, linganisha urefu wa shafti, matundu ya bolti na upande inakozunguka. Stata inayokaribia kufanana inaweza kuingia kwenye bolti na bado ikala meno ya flaiwili. Panda na ushushe gia kwa vidole ukiwa hapo hapo dukani. Isiporudi laini, irudishe mezani.

*Inachelewa asubuhi tu, mchana inaachia vizuri. Nisubiri?*

Usisubiri. Asubuhi kuna unyevu na grisi ni nzito, mchana imepata joto na kulainika. Hiyo ndiyo shafti chafu ikiwa bado mwanzoni, wakati ambapo brashi na mafuta ya taa vinatosha. Itoe wiki hii, maji yakiwa mafu na boti zikiwa hazina haraka.